Saa Mbili ya Nani?

Kosa la kwanza lilikuwa bufee. Siku ya kupanda meli ya utalii, wajuzi hawagusi sahani. Wakishavuka ngazi wanakwenda moja kwa moja kuweka nafasi kwenye migahawa ya kulipia, na wajuzi zaidi wanakuwa wameshamaliza kazi hiyo mtandaoni wiki kadhaa kabla ya safari. Mimi nilimwambia mke wangu, "Meli kubwa hivi itakosa meza ya watu wawili?" Kisha nikaenda kuongeza keki.

Kwa asiyejua: chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli. Unakula ukumbi mkuu, unakula bufee, unakula mpaka vifungo vinalalamika, na hakuna anayekudai. Lakini ipo migahawa midogo midogo, wa steki, wa Kitaliano, wa Kijapani ambako mpishi anarusha yai juu na kulidaka kwa kofia. Huko unalipa juu ya nauli, kila kichwa na chake. Meza ni chache na watu wote wanataka kula wakati mmoja. Ukichelewa unabakiziwa saa kumi na moja na nusu jioni, chakula cha mchana kikiwa bado kooni, au saa tatu na nusu usiku, ukiwa umeshaanza kusinzia.

Tulipofika pa kuandikisha, foleni ilikuwa imepinda kona. Mke wangu akatoa amri: "Kesho, mgahawa wa steki, saa mbili. Si kabla, si baada." Nikaona foleni ni ya wasio na akili. Nikaenda chumbani, nikapiga simu ya ndani.

Dada aliyepokea alikuwa na Kiingereza laini. Changu kilikuwa kimejaa keki. Akauliza tuko wangapi, nikasema wawili. Saa ngapi? Nikamtafsiria nilichotumwa, neno kwa neno: "Tuu." Akarudia kama mtu asiyeamini masikio yake: watu tuu, saa tuu? "Tuu, tuu," nikajibu kama honi. Akasema nafasi zipo tele, hata meza ya dirishani nikitaka.

Nafasi tele! Mwenye busara angeshtuka hapo. Mimi nilirudi kwa mke wangu nikitembea kama nahodha.

Kesho yake tulishinda baharini, na usiku wake ulikuwa wa mavazi rasmi. Saa nane mchana tulikuwa kando ya bwawa tukila piza. Saa hiyo sitaisahau. Jioni mke wangu akavaa gauni lililosafiri na sanduku lake peke yake, mimi suti na tai ya kunikaba. Saa mbili kamili tukasimama mlangoni.

Dada, sauti ni ile ile, akatafuta jina kwenye kompyuta. Akatafuta tena. Kisha akanitazama kwa huruma wanayotazamwa nayo wagonjwa. Siku za baharini wanafungua na mchana, akaeleza, na walitusubiri saa nane. Tumechelewa saa sita nzima. Meza za usiku zimejaa, na faini ya kutotokea imeshaingia kwenye bili ya chumba chetu tangu alasiri.

Mke wangu hakunigombeza pale. Alimtabasamia dada, akanishika mkono, akanibana kidole mpaka kikafa ganzi.

Tukashuka ukumbi mkuu kichwa chini. Na huko, jamani, kumbe usiku wa mavazi rasmi ndio usiku wa kambakoche. Ndani ya nauli! Mhudumu akaleta, akaona tunavyomaliza, akaleta tena bila kuombwa. Kufika sahani ya tatu nilishaanza kueleza kwamba nilipanga makusudi. Mke wangu akaendelea kuvunja gamba huku akinitazama mimi.

Nikaapa kurekebisha. Nikaweka nafasi upya kwa siku ya nne, safari hii kwenye programu ya meli: 20:00. Nikamwonyesha kabla ya kubonyeza. Siku hiyo meli ilitia nanga, tukazunguka mjini, tukarudi. Suti, gauni, viatu virefu. Saa mbili kamili, mlangoni.

"Leo bwana umewahi," akasema dada.

Nikatazama saa iliyokuwa juu ya kichwa chake. Saa moja. Meli haikuwa imegusa saa yake. Simu yangu ndiyo iliyodaka mnara wa nchi kavu, ikaruka saa moja mbele, nami nikaizima mtandao na kurudi nayo hivyo hivyo.

"Saa mbili ya nani?" mke wangu akauliza. Sikuwa na jibu.

Tukakaa baa kusubiri. Yeye akavua viatu, akashuka chumbani pekupeku, akarudi na saa yake ya mkononi, ile ndogo ya dhahabu yenye maua, aliyoipatanisha na ya mapokezi siku ya kwanza. Akanifunga juu ya mkono wa suti, mbele za watu. Nimeivaa mpaka siku ya kushuka, bwawani pia.