Kamera ya mkanda: kabla hujaiuza

Mwenye kamera ya mkanda kabatini, tuseme Pentax K1000, hakosi mshauri. Iuze, ataambiwa, ununue ya dijitali. Ushauri huo una haki yake, na hauhitaji maneno mengi. Mkanda mmoja hutoa picha 36, basi. Bei yake imepanda, na maabara nyingi za kusafishia picha zimegeuka maduka ya simu. Anayepiga picha za harusi kwa malipo hana la kujadili: bibi harusi anataka picha kwenye WhatsApp kabla pilau halijapoa. Huyo anunue, tena leo.

Lakini wengi wanaojiuliza swali hili si wapiga picha wa harusi. Ni watu waliorithi kamera ya baba au ya mjomba, na kwao hesabu hupigwa upande mmoja tu: mkanda unahesabiwa, negativu, yaani mkanda uliosafishwa unaobaki na picha, haihesabiwi.

Chukua mwaka 2003. Aliyewahi kuhamia dijitali, akanunua kamera ya megapikseli 2, yaani nukta kama milioni 2, alisifiwa kwa kwenda na wakati. Picha yake ina nukta 1,600 kwa 1,200. Ichape kwa nukta 300 kwa inchi na utapata upana wa inchi 5 na ushei. Ukiivuta zaidi, vimraba vinaanza kujitokeza. Mtoto aliyepigwa picha siku ile sasa ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 20, na picha yake ya utotoni haitaongezeka hata nukta moja. Jirani aliyeng'ang'ania mkanda, akachekwa, anayo negativu ya milimita 24 kwa 36. Leo anaweza kuinakili kwa kamera ya megapikseli 24 na kuona tarizi ya kofia ambayo skana ya wakati ule haikuiona kabisa. Chembe za mkanda zinazounda picha zina kikomo chake, ni kweli, ila kikomo hicho kiko mbali sana na megapikseli 2. Sijamsikia muuza kamera akilitaja hili.

Utaniambia kamera za leo zimeliziba pengo hilo. Zimeliziba, ndiyo maana sibishanii ubora. Nabishania utunzaji. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ilianza mwaka 1930, na picha za Unguja ya zamani ziliendelea kuuzwa humo miongo mingi baadaye, kwa kuwa kilichobaki kilikuwa kitu cha kushika mkononi. Simu iliyotumbukia majini, nywila iliyosahaulika, kadi iliyofutwa na mtoto: hayo hayangoji miongo.

Wala sisemi negativu haifi. Pwani yetu ina unyevu, na kuvu hula jelatini, tabaka la mkanda linaloshika picha, kama inavyotanda kwenye kioo cha lenzi. Rangi hupauka, nyeusi na nyeupe ndiyo yenye kustahimili. Anayesahau bahasha ya negativu chini ya godoro asimlaumu mtu.

Kisha kuna mashine yenyewe. K1000 ilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997. Betri yake ni ya kipima mwanga tu. Ikiisha, shata, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inaendelea kufyatuka kwa springi, wewe ukikadiria mwanga kwa macho. Kamera ya dijitali ya 2003 ikifiwa na betri isiyotengenezwa tena, haina kazi. Na mwaka 2024 Pentax wenyewe walirudi na kamera mpya ya mkanda, Pentax 17, inayotumia nusu fremu, yaani nusu ya nafasi ya picha ya kawaida, ili mkanda wa picha 36 utoe 72. Hapo wamekiri mambo mawili kwa mpigo: wanunuzi wapo, na bei ya mkanda inauma.

Kwa hiyo nunua mpya ukiweza, na kazi yake ya kwanza iwe kunakili negativu za nyumbani. Ya zamani ibaki. Yangu naipeleka kwa fundi wiki ijayo: sponji ya mlango wa nyuma imeoza, mwanga unapenya, na picha za mwisho zimetoka na mstari mwekundu pembeni.