Saa nane usiku wamesamehewa, kukicha wanadaiwa

Shuleni tulikaririshwa kwamba ukabaila nchini Ufaransa ulifutwa usiku wa Agosti 4, 1789. Jibu la mstari mmoja, unapata alama zako, unaruka swali linalofuata. Neno lenyewe tulikuwa tumeshalizoea kutoka Azimio la Arusha, ambako ukabaila na ubepari hutajwa kama mtu na mdogo wake. Basi nikabaki nikiamini kwamba makabaila wa Kifaransa waliguswa na utu wakaachia mali zao kwa hiari. Leo nasema usiku ule ulikuwa mnada, na mkulima ndiye aliyepangiwa bei.

Wajumbe wa Bunge waliokutana Versailles usiku huo walikuwa na hofu. Tangu Julai wakulima walikuwa wakivamia majumba ya mabwana, na katika mengi hawakwenda kutafuta vijiko vya fedha. Walitaka vitabu. Kila bwana alikuwa na daftari lililoorodhesha kila shamba, nani analilima na anadaiwa nini: pesa kidogo kila mwaka, sehemu ya mavuno, ada shamba likiuzwa. Miaka ya nyuma mabwana walikuwa wakiajiri wataalamu wa kufukua nyaraka za kale ili madeni yaliyosahaulika yafufuke. Babeuf, aliyekatwa kichwa mwaka 1797 kwa kutaka mali iwe ya wote, alianza maisha akila mkate wa kazi hiyo hiyo kule Picardie, kaskazini mwa Ufaransa.

Na tusidhani mkulima huyu alikuwa mtwana, yaani mtu aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana. Wengi wao walikuwa watu huru, wenye vipande vyao vya ardhi. Hapo ndipo palipouma. Shamba ni lako, mbegu ni zako, lakini njiwa wa bwana wanatua asubuhi kufukua ulichopanda jana, na wewe huruhusiwi kuwaua. Ngano ikinusurika, katika maeneo mengi ulilazimika kuipeleka kwenye kinu cha bwana, upange foleni, umwachie sehemu ya nafaka kama malipo, hata kama kipo kinu kingine karibu kinachosaga vizuri zaidi. Mtu anaweza kuvumilia umaskini wake mwenyewe. Kufugishwa njiwa wa mwingine ni jambo jingine.

Usiku wenyewe ni mtamu kuusimulia: mmoja baada ya mwingine, wajumbe walisimama kupendekeza haki za kikabaila ziachwe. Alianza Noailles, kabaila kijana asiye na ardhi ya maana, ambaye kwa hiyo hakuwa na mengi ya kupoteza. Akafuata d'Aiguillon, tajiri kwelikweli. Mjumbe mmoja kutoka Bretagne, mfanyabiashara wa vitambaa, alisimama amevaa nguo za mkulima akahutubia kwa uchungu. Askofu wa Chartres akapendekeza haki ya mabwana ya kuwinda ifutwe, na du Châtelet, ambaye uwindaji huo ulimhusu, akalipiza kwa kupendekeza zaka za kanisa ziondolewe. Nakiri hapo hucheka kila mara: kila mmoja alikuwa mkarimu kwa mfuko wa jirani. Walitawanyika yapata saa nane za usiku.

Agizo lililotoka lilianza kwa kishindo: Bunge la Taifa linauangamiza kabisa mfumo wa kikabaila. Soma mbele kidogo. Utwana wa mkulima kwa bwana na vilivyotokana nao vilifutwa bure, ila malipo yaliyohesabiwa kuwa ni ya ardhi yalipaswa kununuliwa. Mei 1790 bei ikatangazwa: mara 20 ya malipo ya mwaka kama ni ya pesa, mara 25 kama ni ya mazao. Anayelipa livre 10 (livre ilikuwa sarafu ya Ufaransa) kwa mwaka atafute livre 200, wakati ujira wa kibarua wa shambani kwa siku ulikuwa livre moja, mara nyingi pungufu. Mpaka azipate, aendelee kulipa kama kawaida. Na kama anadai bwana hana haki hiyo, alete ushahidi yeye mkulima, ambaye hakuwahi kulishika lile daftari mkononi.

Hawakulipa. Hiyo ndiyo sehemu ninayotamani ingeingia kwenye mtihani. Huko Périgord na Quercy, kusini-magharibi mwa nchi, majira ya baridi ya 1790, watu waling'oa vibati vya kuonyesha upepo juu ya mapaa ya mabwana, maana kuwa na kibati hicho ilikuwa alama ya ubwana, na wakatoa viti vya mabwana kanisani wakavichoma moto. Askari wakatumwa, vurugu zikazimwa, zikaibuka mahali pengine. Agosti 1792 Bunge likageuza mzigo: sasa bwana ndiye aonyeshe hati ya asili, la sivyo deni limekufa. Julai 17, 1793 yaliyobaki yakafutwa bila fidia, hati zikaamriwa kuchomwa hadharani, na atakayezificha afungwe minyororo miaka mitano. Kwangu mimi, ukabaila ulikufa kwenye moto huo. Miaka minne ya ukaidi ilikamilisha kilichoahidiwa usiku mmoja. (Aliyelima shamba la kukodi hakuneemeka sana: zaka iliyofutwa, mwenye shamba aliruhusiwa kuijumlisha kwenye kodi.)

Kuna upande mmoja unaotuhusu sisi wa pwani. Mwaka 1779 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa aliwaachia huru watwana waliokuwa kwenye ardhi zake. Miaka mitatu tu kabla, mwaka 1776, Mfaransa Morice alikuwa ameandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, wa mashamba ya Île de France, Mauritius ya leo. Usiku wa Agosti 4 mjumbe mmoja aligusia watumwa wa makoloni, wenzake wakampuuza. Agizo la kufuta utumwa lilikuja Februari 1794, baada ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, kuasi. Mwaka 1796 maofisa wawili, Baco na Burnel, walitia nanga Île de France wakiwa nalo. Walowezi waliwarudisha melini, na mashambani watu waliotoka Kilwa wakaendelea kukata miwa.