Vitwitwi wa Nakuru wahesabiwe Oktoba, tena kwa umri

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila Januari watu wenye darubini huzunguka Ziwa Nakuru, Elementaita na maziwa mengine ya Bonde la Ufa nchini Kenya wakihesabu ndege wa majini. Kazi nzuri, na iendelee. Ila kwa vitwitwi, ndege wadogo wa ukingo wa maji wanaotoka Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, jumla ya Januari haitoshi. Ikishuka, haikuambii kama mambo yaliharibikia Siberia au hapa hapa ukingoni mwa ziwa.

Mchukue kitwitwi mdogo, Calidris minuta. Uzito wake ni gramu 25 hivi. Huzaliana kwenye tundra, nyika baridi isiyo na miti, kutoka kaskazini mwa Skandinavia hadi Siberia, na wale wa rasi ya Taimyr wakija kwetu husafiri zaidi ya kilomita 8,000. Jike hutaga mayai manne kwenye kishimo chini, katikati ya nyasi fupi, na pengine hutaga mara mbili: dume akaatamia fungu moja, yeye akaatamia la pili. Baada ya siku 20 hivi vifaranga huanguliwa, na tangu siku ya kwanza hujitafutia wadudu wenyewe. Jua halizami na visubi wamejaa, lakini ni kwa wiki chache tu.

Watakaotufikia hutegemea sana lemingi, kipanya mnene wa tundra ambaye idadi yake hupanda na kuporomoka kila baada ya miaka mitatu au minne. Lemingi wakiwa tele, mbweha wa Aktiki na ndege wawindaji waitwao skua hushiba na kuzaa sana, na viota vya vitwitwi huachwa salama. Lemingi wakiporomoka, mbweha bado ni wengi, tena wana njaa, basi hugeukia mayai na vifaranga. Mwaka kama huo wazima, yaani waliokomaa, hurudi Afrika kama kawaida, wachanga karibu hakuna. Ndege elfu moja wa Januari wanaweza kuwa wazima watupu, au robo yao wawe wachanga; karatasi itaandika elfu moja tu.

Kwa nini Oktoba? Wazima huanza kufika Agosti. Wachanga huja nyuma yao, wengi kuanzia mwishoni mwa Septemba. Kufikia mwisho wa Oktoba wengi wao wapo, na umri bado unasomeka. Mchanga ana manyoya mapya yenye kingo za hudhurungi, na mgongoni mistari miwili myeupe inayokutana kama herufi V. Hata akianza kuvaa kijivu, kingo hizo hubaki kwa muda kwenye manyoya ya bawa lililokunjwa. Mzima amechakaa, na akiruka utaona pengo bawani kwa sababu manyoya marefu yanabadilishwa. Ngoja hadi Januari uone kazi: mchanga naye amevaa kijivu, na wengine wao wameshaanza kubadilisha manyoya ya bawa. Hapo hata mzoefu hubahatisha.

Jua liwe mgongoni mwako, darubini iwe ya miguu mitatu. Chukua makundi kadhaa, angalau ndege 50 kila kundi, ukisoma kutoka upande mmoja hadi wa pili bila kuruka hata mmoja. Kosa kubwa ni kusoma walio karibu tu, maana wachanga na wazima hawachanganyiki sawasawa. Kona moja ya ziwa yaweza kuwa na wachanga watupu. Kosa la pili ni kumwandika mzima kila ndege usiyemtambua. Aandikwe hajulikani.

Halafu kuna maji. Ziwa Nakuru limepanda tangu karibu 2010, likameza lango kuu la zamani la hifadhi na kuacha migunga imekauka imesimama majini. Sehemu ya mguu wa kitwitwi iliyo juu ya vidole ina urefu wa sentimita mbili tu, kwa hiyo hula kwenye tope bichi au maji ya kina hicho. Maji yakigusa nyasi na miti, tope limekwisha, naye huondoka hata kama magadi na mabuu ya visubi bado yapo.

Jumla ikishuka huku wachanga wakiwa wengi, shuku ukingo kwanza. Jumla ikikaa na wachanga wakikosekana, shuku tundra. Kabla hujaamua, lakini, watu wengine wawe kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero, West Kano na Bunyala, magharibi mwa Kenya, wiki hiyo hiyo, kwenye majaruba yaliyovurugwa ambayo mpunga haujayafunika, kwani vitwitwi waliokosa tope Nakuru wanaweza kuwa huko. Bunyala ina jambo lake: ndege wamewahi kutegwa kwa chambo chenye kabofurani, sumu ya kuulia wadudu, ili wauzwe kama nyama, na chambo hakichagui. Mizoga nayo iandikwe, wa ndege mzima au wa mchanga, pamoja na upana wa tope kwa hatua na kina cha maji pale ndege walipokuwa wakila.