Buti mpya, mlima uleule

Mvua ya masika ikikatika na njia za Menengai zikikauka, makundi ya wapanda milima wa Nakuru huamka. Hutangulia tangazo la safari, kisha hufuata orodha ya vifaa: buti za mlimani, jaketi lisilopenya maji, fimbo mbili za kutembelea, begi lenye mfuko wa maji na mrija, taa ya kichwani, soksi za sufu. Mtu wa Lanet au Section 58 anaisoma, anafungua kabati, anakuta hana hata nusu. Kabla hajalala ameshapekua bei za buti kwenye simu, na Fuliza, huduma ya mkopo ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2019, iko tayari kumbeba pale salio linapokomea. Safari yenyewe ni kwenda Longonot asubuhi na kurudi jioni.

Anunue au asinunue? Linaonekana swali dogo, lakini kila upande una hoja za kweli, na kila upande huzitetea kivivu.

Wanaosema usinunue wana nguvu kubwa wanapozungumzia milima yetu ya karibu. Menengai ina mita 2,278, na mji wenyewe tayari uko juu ya mita 1,800. Tena gari linakufikisha karibu na ukingo wa kreta. Longonot ina mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingoni ni kama kilomita tatu, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Wanafunzi huupanda wakiwa na viatu vyeusi vya shule, sweta ya sare kiunoni, na maji katika chupa iliyokuwa ya soda. Linalowaangusha watu pale ni jua, ni vumbi la majivu ya volkano linaloteleza mtu anaposhuka, ni maji machache na ni kuchelewa kuanza hadi saa nne, miale ikiwa utosini. Kofia, lita tatu za maji na kufika langoni mapema vinamaliza sehemu kubwa ya shida hiyo. Fimbo husaidia magoti kwenye mteremko, nakubali, lakini mkongojo wa babu hufanya kazi hiyohiyo.

Au nenda msitu wa Kakamega mwezi wa Mei, mvua ikishuka alasiri karibu kila siku, uone nani ana miguu mikavu. Ni mkulima wa jirani mwenye gambuti. Mgeni aliyenunua buti za kitambaa zinazosifiwa kwamba zinapitisha hewa ndiye anayekamua soksi kando ya njia.

Kwa hiyo hamu hii inatoka wapi? Nadhani haihusu mlima sana. Kupanda kunadai Jumamosi nzima, nauli, mapafu, na ruhusa ya nyumbani. Kununua kunadai namba ya siri tu, na kunaweza kufanyika Jumanne usiku mtu akiwa amejilaza. Ukishanunua unajisikia umeshaanza safari, na kwa wengine safari huishia hapo. Kisha kifaa kimoja huita kingine: begi jipya linaifanya jaketi kuonekana kuukuu, nayo taa inadai betri na mfuko wake.

Kuna hesabu ambayo wanunuzi huipenda. Chukua mfano wa buti za shilingi 12,000. Ukipanda mara nne kwa mwaka kwa miaka mitano, hizo ni safari 20, yaani shilingi 600 kwa safari. Si chini ya nauli yako? Hesabu ni sahihi, ila imejengwa juu ya safari ambazo hazijafanywa. Ifanye upya kwa idadi ya safari za mwaka uliopita, zile zilizotokea kweli. Kwa watu wengi ninaowafahamu, bei ya kila safari inapaa kuliko mlima wenyewe.

Hata hivyo, upande huu wa kujizuia una tabia ya kujificha nyuma ya mashujaa. Abebe Bikila hutajwa kila mara: alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli. Lakini miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila huyohuyo alivaa viatu na akashinda tena, akitumia saa 2 na dakika 12, wakati Roma alitumia saa 2 na dakika 15. Sisemi viatu ndivyo vilivyompa dakika hizo tatu. Nasema tu kwamba alipopata viatu vilivyomfaa, hakuvikataa.

Mfano wa nyumbani ni mtamu zaidi, na hupotoshwa zaidi. Januari 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili, Waitaliano waliokuwa wafungwa wa kivita katika kambi ya Nanyuki, walitoroka ili kuupanda Mlima Kenya. Mashoka ya barafu walikuwa wameyafua kutokana na nyundo, meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yalitoka kwenye vyuma chakavu, na kamba walizitoa kwenye katani za vitanda vya kambi. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, kisha wote watatu wakashuka na kujipenyeza tena kambini. Masimulizi haya hutolewa kama ushahidi kwamba vifaa si kitu. Yaangalie vizuri. Shabaha yao ilikuwa Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huo, na Batian iliwashinda. Mmoja wao aliugua njiani, na chakula kiliwapungukia hadi wakarudi na njaa. Zaidi ya hayo, watu hawa hawakupuuza vifaa hata kidogo. Walitumia miezi wakivitengeneza kwa siri, kila kipande kwa kazi yake. Walichokosa ni duka, na bila duka walilazimika kujiuliza kila kitu kitafanya nini kabla ya kukipata.

Upande wa pili hupata uzito wake mtu akiondoka kwenye vilima vya Jumamosi. Panda Elgon kupitia lango la Chorlim, juu ya Kitale, elekea Koitoboss yenye mita 4,222. Kule usiku maji huganda, na mvua ya alasiri haimwulizi mtu. Fulana ya pamba ikishalowa jasho au mvua hukaa na maji, na muda wote huo inaunyonya mwili joto. Baridi ya kuua haihitaji theluji. Yatosha mvua, upepo, na mtu aliyechoka ambaye bado ana saa tatu za kutembea. Kumwambia mtu wa namna hiyo "ulichonacho kinatosha" ni kumhatarisha. Jaketi la mvua linalofanya kazi kweli, nguo ya ndani ya polista au sufu, na taa yenye betri vina nafasi yao hapo, na kama hana, ama anunue, ama akodi, ama abaki nyumbani.

Kuna vitu vingine ambavyo katika mjadala huu havina pande mbili. Kamba na kofia ngumu za kukwea miamba, kama ya Fischer's Tower kule Hell's Gate, hazinunuliwi mtumba. Watengenezaji huweka kikomo, mara nyingi miaka 10 kwa kamba, hata kama haikuwahi kutumika, kwa sababu nailoni huchoka bila kuonyesha kwa nje. Vivyo hivyo jaketi la kuelea la mtu anayeingia ziwani kwa mtumbwi kutoka Dunga, ufuoni Kisumu. Kwenye vitu hivi, anayejisifu kwa kubana matumizi namwogopa.

Lakini penye utata hasa kwetu ni mitumba. Wazungu wanapohubiriana kuhusu kujizuia, ushauri wao huishia kwenye "nunua vilivyotumika." Huku kwetu majaribu ndiyo kwanza yanaanza hapo. Soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, robota likifunguliwa, wenye macho huchagua kamera, yaani vile vya daraja la kwanza, na jioni mabaki huenda kwa bei ya fagia. Jaketi la mlimani ambalo Ulaya lingemtoa mtu jasho liko mbele yako kwa bei ya chakula cha mchana. Nani atakataa? Na ukisema utalirudia kesho, hulikuti. Hakuna punguzo la bei dukani linaloweza kumsukuma mtu kama kitu kilicho kimoja tu sokoni, na mkono wa mtu mwingine tayari umekishika upande wa pili. Ndiyo maana kuna watu wenye majaketi manne ya mlimani ambao hawajapanda mlima mwaka huu. Unafuu wa bei ndio uliowaponza.

Mtumba una ugonjwa mwingine ambao wauzaji wengi hawaujui. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu la polyurethane katikati ya soli. Povu hilo huvunjwavunjwa taratibu na unyevu wa hewani, na kukaa kabatini bila kuvaliwa hakuliokoi. Kwa hiyo buti inayong'aa, isiyo na mkwaruzo, ndiyo ya kushuku zaidi: huenda imelala miaka kumi katika chumba cha mtu ughaibuni. Inavaliwa siku moja, na soli inabanduka nzima nzima kwenye mteremko. Kabla ya kulipa, kipinde kiatu kwa nguvu na ubonyeze ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au chembechembe zinadondoka, rudisha. Gundi ikiachia, fundi wa viatu anamaliza kazi kwa dakika chache. Povu likioza, gundi haina pa kushika, na dawa ni kung'oa soli yote na kushonea nyingine. Mafundi wetu, ambao wamezoea kugeuza tairi kuwa akala, wanaiweza kazi hiyo vizuri. Buti itakuwa nzito kidogo. Itashika ardhi.

Jaketi nalo huzikwa likiwa hai. Utando wa Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, uko ndani ya kitambaa; kinachofanya matone yabingirike juu yake ni dawa iliyopakwa kwa nje, nayo hufifia kwa uchafu na jasho. Mwenye jaketi huona kitambaa kinalowa, huamua limekufa, na huanza kutafuta jipya. Mara nyingi linadai kufuliwa kwa sabuni ya maji kidogo, kusuuzwa vizuri sana, kisha, kama lebo inaruhusu, kupitishwa pasi ya moto mdogo. Likiwa linabanduka magamba meupe kwa ndani, au kitambaa cha hema kinanata na kunuka, hapo ndipo pa kukubali kwamba siku zake zimekwisha.

Tarehe 25 Novemba 2011 kampuni ya Patagonia ililipia tangazo katika gazeti la New York Times, kwenye siku kubwa ya manunuzi Marekani, likiwaambia wasomaji wasinunue jaketi lililokuwa pichani. Tangazo lilieleza kwamba jaketi moja lilikula lita 135 za maji. Mauzo ya kampuni yaliendelea kupanda. Wengine walicheka unafiki, wengine walisifu ukweli. Mimi huwaza juu ya upande wetu wa robota. Wao wakitii ushauri ule na kuvaa jaketi moja kwa miaka ishirini, Kibuye itapata nini? Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuacha mitumba hatua kwa hatua, Marekani ikatishia kuzinyima nafasi ya soko lake chini ya mpango wa AGOA, na Kenya ikarudi nyuma. Mwaka 2020 serikali ilizuia mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa hofu ya korona, na tukaona ni riziki za akina mama wangapi zinaning'inia pale. Kwa hiyo sitamwambia mtu kwamba akinunua jaketi la fagia anaharibu dunia. Limeshafika. Ila akilinunua la nne ili likae kabatini, amelinyima mwingine mwenye safari.

Mzani wangu hauko katikati. Kwa safari za siku moja za Menengai, Longonot na Kakamega, wanaosema usinunue wako sahihi karibu kabisa, na orodha za vifaa zinazosambazwa zinafukuza wageni, hasa vijana wasio na kazi, ambao wanahitimisha kwamba mlima ni wa wenye pesa. Kwa Elgon na Mlima Kenya, wanaosema nunua wako sahihi kuhusu vitu vitatu au vinne, si kumi na tano. Viongozi wa makundi wangeweza kupunguza nusu ya hamu hii kwa kuandika orodha mbili tofauti, na ya kwanza iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi moja: viatu vyenye meno, kofia, maji, chakula, koti la mvua.

Kwa vile vya orodha ya pili, kundi la watu ishirini halihitaji mahema ishirini wala mifuko ishirini ya kulalia kwa safari moja ya Elgon kwa mwaka. Mchango wa chama unatosha kununua mahema machache mazuri yakazunguka. Bado kuna swali la nani atayaanika Jumapili usiku yakirudi yamelowa, na sijaona kundi lililolijibu bila ugomvi.