Chandarua Kihesabiwe Kikiwa Kimetundikwa

Kila shirika la hisani linapotangaza kwamba limegawa maelfu ya vyandarua, mimi hufurahi kwa dhati, kwa sababu kazi iliyofanywa na vyandarua hivyo inajulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa tangu mwaka 2000 juhudi za kudhibiti malaria barani Afrika zilikuwa zimezuia visa vya ugonjwa huo vipatavyo milioni 663, na kwamba asilimia 68 ya mafanikio hayo ilitokana na vyandarua vyenye dawa.

Wapo wanaoshikilia kwamba cha bure hakithaminiwi, na kwamba anayepewa sharti achangie walau kidogo. Watafiti wa uchumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas waliipima hoja hiyo nchini Kenya, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa hata bei ndogo iliwafanya wajawazito wengi waache kuchukua chandarua, ilhali waliopewa bure hawakukitumia kwa uchache kuliko walionunua. Kwangu mjadala huo umekwisha: kitolewe bure.

Kinachonisumbua ni yale yanayofuata gari la mgao likishaondoka. Chandarua hutarajiwa kudumu takriban miaka mitatu, lakini vingi huchakaa mapema: hukwaruzwa na ukingo wa kitanda, huchanika pembeni kwa kuchomekewa chini ya godoro kila usiku, hufuliwa kwa sabuni kali na kuanikwa juani badala ya kivulini, dawa ikazidi kupungua nguvu. Tundu la kupenya kidole gumba linamtosha mbu, nalo lingezibwa kwa sindano na uzi laiti mtu angerudi kuwaelekeza wenye nyumba. Tena mbu wa sehemu nyingi wamekuwa sugu kwa pairethroidi, dawa inayotiwa kwenye vyandarua vya kawaida, ndiyo maana mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vilivyoongezwa dawa ya pili; mfadhili anayetafuta unafuu wa bei peke yake huenda akapeleka kinga hafifu mahali penye mbu hao.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mchangiaji aulize: katika kaya zilizofikiwa miaka miwili iliyopita, ni vyandarua vingapi bado vimetundikwa, vizima, na watu wanalala ndani yake? Against Malaria Foundation, shirika la hisani la vyandarua lililoanzishwa na Rob Mather wa Uingereza, hugharimia ukaguzi wa namna hiyo baada ya mgao. Shirika lisilo na jibu litenge sehemu ya michango yake kwa ajili ya kurudi na kuhesabu, hata kama idadi ya vyandarua itakayotangazwa mwaka huo itapungua.