Wimbo wa Mgeni Tuusimamie, Wetu Tuachiane

Nianze na msimamo wangu ili anayetaka kukasirika akasirike mapema. Mtazamaji aliyelipa kiingilio chake Kasarani au Nyayo asilazimishwe kusimama wimbo wa taifa la Kenya unapopigwa. Asiinuliwe na walinzi, asizomewe na jirani, wala asipigwe picha ya kusambazwa mitandaoni na maneno "hebu mwoneni huyu". Mimi mwenyewe husimama, tena upesi, na kama nina chupa ya maji mkononi naiweka chini. Lakini upo wimbo mmoja ambao kila mwenye uwezo wa kusimama anapaswa kuusimamia na kuunyamazia, na huo si wetu. Ni wa wageni.

Sisi tumeligeuza jambo hili juu chini. Wimbo wetu ukianza, stendi nzima inakuwa gwaride. Wa wageni ukianza, ndio wakati wa kutafuta viti, kuuliza kwa simu "mko upande gani?", kujipiga selfi na kujaribu kama vuvuzela bado inalia. Mtu ambaye dakika moja baadaye atamkemea mwenzake kwa kuketi, sasa hivi amewapa mgongo wachezaji kumi na mmoja waliopanga mstari pale katikati wakiwa mbali na kwao.

Nililiona hilo kwa karibu katika mechi moja ya Harambee Stars, timu yetu ya taifa. Safu mbili mbele yangu aliketi kijana mwenye jezi nyekundu na kofia ya kufuma. Wimbo wetu ukaanza, stendi ikasimama, yeye akabaki ameketi, viwiko juu ya magoti. Hakuwa akichezea simu. Alikuwa akitazama uwanjani kama sisi wengine. Mzee mmoja nyuma yake akaanza, "Wewe kijana, simama!" Ikafuata sauti nyingine, "Buda, simama bana, hii ni Kenya." Mtu akamrushia maganda ya njugu. Tulipofika kwenye "natukae na undugu" alikuwa ameshaitwa msaliti. Sasa niambie, ukimwita mwenzako msaliti katikati ya mstari wa undugu, ni nani kati yenu ameudharau wimbo?

Ulipokwisha, yule mzee alimuuliza, safari hii kwa upole, shida ilikuwa nini. Kijana akasema, "Mzee wangu, huu wimbo mara ya mwisho niliuimba tao, Juni 2024, na sikuumaliza." Mzee akasema siasa ziachwe nje ya uwanja. Kijana akasema wimbo ndio ulioingia na siasa, si yeye. Kisha mpira ukaanza, na wote wawili wakaungana kumtukana refa.

Aliyekuwa Nairobi Juni ile hahitaji kuelezwa zaidi. Vijana walioupinga mswada wa fedha walijifunga bendera mabegani na kuuimba wimbo wa taifa mbele ya polisi waliojihami, wakajibiwa kwa vitoa machozi. Tarehe 25 wakaingia Bunge, na wapo ambao hawakurudi nyumbani. Wiki chache baadaye, Agosti, wimbo uleule ulipigwa mara nne kwenye Olimpiki ya Paris: mara mbili kwa Beatrice Chebet aliyeshinda mita 5,000 na mita 10,000, kwa Faith Kipyegon wa mita 1,500 na kwa Emmanuel Wanyonyi wa mita 800. Wa Kipyegon niliusimamia sebuleni kwangu, peke yangu, na hakuna aliyeniamuru. Mtu anaweza kubeba Juni ile na Agosti ile kifuani kimoja, na siku moja uwanjani ikamshinda kuinuka. Huyo bado ni wetu.

Kwa watu wa rika la yule mzee, jambo hili limekaa magotini. Walikulia wakati ambapo firimbi ililia saa kumi na mbili jioni karibu na kituo cha polisi au ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, bendera ikishushwa, na barabara nzima ikaganda: mwenye baiskeli, mama na mzigo wake kichwani, watoto waliotumwa dukani. Aliyeendelea kutembea alijua kinachomngoja. Ukilelewa hivyo, kusimama hukufikirii tena, mwili unainuka wenyewe. Simcheki mzee. Lakini woga ule siwezi kuuita uzalendo, na sioni kwa nini tuwarithishe waliozaliwa baada ya firimbi kunyamaza.

Najua sheria itatajwa. Katiba ya 2010, Kifungu cha 9, inautaja wimbo wa taifa miongoni mwa alama za taifa pamoja na bendera, nembo na muhuri wa umma, na tuna sheria inayokataza kuzidharau alama hizo. Sawa. Ila Katiba hiyohiyo, Kifungu cha 32, inasema mtu asishurutishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani au dini yake. Mashahidi wa Yehova hawaimbi wimbo wa taifa lolote, na ni majirani zetu, tunapanda nao matatu moja. Kuketi kimya na kutukana ni vitu viwili tofauti, na asiyeona tofauti hiyo asipewe kazi ya kulinda mlango wa uwanja.

Tena ukishaanza kulazimisha watu kusimama, huwezi kuishia hapo. Utaanza kukagua wamesimamaje.

Wengi wanakumbuka Olimpiki ya Mexico 1968, Wamarekani weusi Tommie Smith na John Carlos wakiinua ngumi zenye glavu nyeusi wimbo wao ukipigwa. Kisa kinachotuhusu sisi zaidi ni cha Munich 1972, na nashangaa jinsi kinavyosimuliwa mara chache hapa nyumbani. Katika fainali ya mita 400, Vince Matthews wa Marekani alichukua dhahabu, mwenzake Wayne Collett fedha, na Julius Sang wa Kenya shaba. Wimbo wa Marekani ulipopigwa, wale wawili walisimama. Narudia: walisimama. Ila walisimama kizembe, Collett miguu mitupu, Matthews akijipapasa kidevu, wakiongea kama watu wanaosubiri basi. Watazamaji wakawazomea, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki chini ya Avery Brundage ikawafungia wasishiriki Olimpiki tena. Mwenzao John Smith alikuwa ameumia paja katika fainali hiyohiyo. Marekani ikakosa watu wa kutosha kwa mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne, mbio ambazo miaka minne kabla ilikuwa imeishinda Kenya. Charles Asati, Munyoro Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang wakatwaa dhahabu. Ushindi ule ni halali na siuondolei hata sekunde moja. Sang alikuwa moto wiki ile na huenda tungeshinda hata Wamarekani wakiwapo. Lakini sehemu ya sababu wimbo wetu ulipigwa Munich siku ile ni kwamba vijana wawili weusi walionekana hawakunyooka vya kutosha wakati wa wimbo wao.

Na kunyooka kwenyewe ni kupi? Sisi shuleni, Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa, tulifundishwa mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni. Siku hizi nusu ya stendi huweka kiganja kifuani, mtindo tulioupata kwenye televisheni. Tukileta wakaguzi wa heshima uwanjani, watamkamata nani, mwenye mkono chini au mwenye mkono kifuani?

India waliyajaribu haya kwenye sinema. Novemba 2016 Mahakama ya Juu iliamuru wimbo wa taifa upigwe kabla ya kila filamu na watu wote wasimame, na Januari 2018 mahakama hiyohiyo ikaona heri kuupiga uwe hiari. Mwaka huo wa 2016 iliripotiwa kwamba huko Goa mtu anayetumia kiti cha magurudumu alipigwa ndani ya sinema kwa sababu hakuinuka. Aliyempiga alimtokea kwa nyuma, hakuuliza. Umati wenye uhakika wa uzalendo wake hauna kawaida ya kuuliza. Na ni nchi hiyohiyo ambayo mwaka 1986 mahakama yake iliwatetea watoto wa Mashahidi wa Yehova waliofukuzwa shule kwa kutoimba, ingawa walisimama kwa adabu wenzao wakiimba. Hata hao kusimama kwao hakukutosha.

Wanaonipinga wana hoja moja yenye uzito. Wanasema: ni dakika moja tu. Katika jiji ambalo mwaka wa uchaguzi majirani huanza kuulizana majina ya ukoo, pale uwanjani Mluo, Mkikuyu, Msomali na Mkamba husimama pamoja bila mtu kuhesabu nani ni nani. Ukiivunja dakika hiyo, utaipata wapi nyingine? Hoja hii naiheshimu kwa sababu ndiyo inayoniinua mimi mwenyewe kitini. Wimbo wenyewe ulitungwa kwa roho hiyo: mwaka 1963 watunzi walichukua wimbo wa Wapokomo wa mto Tana, watu wachache ambao siasa za Nairobi huwakumbuka kwa nadra, wakaufanya wa wote. (Na ulikuwa wimbo wa kubembelezea watoto. Tunasimama wima kwa sauti iliyotungwa kulaza watu.) Lakini umoja wa dakika ile una thamani kwa sababu kila mmoja ameuleta mwenyewe. Kama aliyeketi ataondolewa kwa nguvu, wanaobaki wamesimama watakuwa wameonyesha nini zaidi ya kwamba hawataki kuondolewa?

Turudi kwa mgeni, maana hapo sina huruma.

Ugomvi wako na wimbo wa nchi yako ni ugomvi wa nyumbani. Unaijua nchi, nayo inakujua. Inakudai kodi, nawe unaidai haki, ile tunayoomba iwe ngao na mlinzi. Una haki ya kununa. Lakini wimbo wa Zambia au wa Madagascar ukipigwa Kasarani, wewe una ugomvi gani nao? Waliopanga mstari hawajakukosea kitu, mbali na kutaka kukufunga mabao. Kununa mbele yao hakumfikii kiongozi yeyote. Kunamfikia golikipa wa miaka ishirini na mbili anayejaribu kusikia wimbo wa mama yake katikati ya vuvuzela.

Ukifuatilia asili ya jambo hili utaona mgeni alikuwapo tangu mwanzo. Mara nyingi hutajwa kwamba wimbo wa taifa uliimbwa kwa mara ya kwanza kabla ya mchezo mjini Cardiff, Desemba 1905, New Zealand ilipokuja kucheza raga. Wageni walicheza haka, ngoma yao ya kijadi, na Wales wakawajibu kwa kuimba, uwanja mzima ukaitikia. Yalikuwa mazungumzo, huyu amesema, yule amejibu. Wamarekani ndio walioufanya wa kivita: Septemba 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, bendi iliupiga katika fainali za besiboli mjini Chicago, wakati wa mapumziko ambapo watazamaji walikuwa tayari wamesimama kunyoosha miguu. Sisi tumechukua ule wa Chicago tukausahau ule wa Cardiff.

Na hatuwezi kusema hatujui kupokea watu. Agosti 2025 mashindano ya soka ya Afrika ya CHAN yalipofika kwetu tuliifunga DR Congo, tukatoka sare na Angola, tukazifunga Morocco na Zambia, na tulipotolewa na Madagascar kwa penalti watu waliondoka Kasarani wakiwa na hasira lakini pia na sifa kwa Wamalagasi. Penalti imeisha, mtu anampongeza aliyemtoa. Mtu huyohuyo hawezi kushindwa kunyamaza sekunde sitini kabla mpira haujaanza. Wazee husema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila huyu wa dakika tisini hata hiyo ya kwanza haimalizi.

Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepangwa kuwa letu, Tanzania na Uganda, na uwanja mpya wa Talanta pale Ngong Road ulianza kujengwa kwa ajili hiyo, viti elfu sitini. Watakuja Wasenegali, Wamisri, Wanaijeria, na mashabiki wao wenye ngoma. Ningekuwa na sikio la waandaaji ningeomba mtangazaji wa uwanja apewe sentensi moja ya Kiswahili, isomwe kabla ya wimbo wa wageni: tafadhali simama ukiweza, teremsha vuvuzela. Kabla ya wetu asiseme lolote. Upigwe tu, kwa spika zisizokwaruza, na atakayeketi aachwe na njugu zake.