Mizizi Inayokosa Pumzi

Kigoma hatuna mikoko. Ni miti ya maji ya chumvi, nasi ziwa letu, Tanganyika, ni la maji baridi. Mimi niliiona kwa karibu mara ya kwanza Dar es Salaam, pale Mto Msimbazi unapoingia baharini karibu na Daraja la Selander, maji yakiwa yamekupwa.

Tope lilikuwa limejaa vijiti vilivyochomoza wima kama penseli. Kumbe ndiyo mizizi ya mchu, mmoja wa jamii ya mikoko. Tope la pwani halina hewa, kwa hiyo mti huu huitoa mizizi yake nje ikapumue maji yanapokupwa, kupitia vitundu vidogo kwenye ganda. Mfuko wa nailoni ulikuwa umefunika mizizi kama kumi hivi, umejaa tope, umenasa. Niliuvuta ukatoka. Mizizi ya chini yake ilikuwa imelainika na inanuka uozo, ya pembeni ilikuwa migumu. Mti ulikuwa unazibwa pua, na watu tunapita juu ya daraja.

Mafuta machafu ya magari nayo hufanya vilevile: yanaganda juu ya vile vitundu. Maji taka ndiyo yananitia hofu zaidi kwa sababu yanadanganya macho. Yana rutuba, hivyo mkoko hustawi majani kuliko mizizi. Ukiutazama unasema umenawiri, lakini mvua zikiadimika, mizizi ile michache haiwezi kuyalisha majani yote.

Kwa nini mtu wa Kigoma ajisumbue na hayo? Kwa sababu sisi tuna matete. Vifaranga wa samaki hujificha humo, na matete hushika udongo unaoteremka kutoka milimani. Nenda ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, asubuhi baada ya mvua kubwa uone chupa, nepi na vifungashio vilivyosukumwa hadi kwenye mashina. Tangu Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na kweli imepungua. Hivyo vingine bado vipo tele.

Halafu ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, unaopeleka maji hadi Mto Kongo. Na Kongo unamwaga Atlantiki, kwenye mikoko ya Muanda, pwani ya nchi ya Kongo. Yanayotoka ni machache. Taka zetu nyingi zinabaki humuhumu, kwenye maji tunayokunywa na kuvulia dagaa.

Ndiyo maana sikubaliani na mazoea yetu ya kusafisha ufukwe siku moja, kupiga picha na kurudi nyumbani. Usafi uanzie juu, kwenye mitaro inayoshuka kutoka mjini. Kila mtaro uwekwe wavu wa nondo kabla ya kufika ziwani, na awepo mtu anayelipwa kuuzoa kila mvua inapokatika. Nepi zipate pa kutupwa, maana mama wa mtaani kwangu akikosa dampo atazipeleka wapi?

Mvua zetu huanza Oktoba. Mtaro wa karibu na kwetu hauna hata nondo moja.